Bati la nyuma: shajara ya kutengeneza nyumba ya Mama

Jumamosi, 5 Oktoba

Naanza kuandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa Mama, Machame, Kilimanjaro, na mbele ya mlango kuna beseni la bluu lenye maji nusu. Beseni hili lina miaka minne pale pale, kwenye korido kati ya jikoni na chumba anacholala. Mvua ikianza analisukuma kwa mguu mpaka likutane na tone, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Mvua ikizidi anaamka usiku kulimwaga. Mama ana miaka 78, na goti lake la kushoto halimpi raha.

Sisi watoto wake wanne tulilijua hilo beseni. Tukija Krismasi tunaliruka, tunasema nyumba inahitaji kuangaliwa, kisha Januari kila mtu anarudi kwake. Mwezi uliopita Mama aliteleza kwenye maji hayo usiku wa manane. Mungu alimshika, hakuvunjika popote, alichubuka kiwiko tu. Hakutuambia. Aliyenipigia simu ni Shangazi, siku kumi baadaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kusubiri tujiongeze wenyewe.

Jioni ile ile tukaongea wote wanne. Kaka Mkubwa alitaka tubomoe, tujenge nyumba ya kisasa yenye vyumba vya kutosha wajukuu. Mama alipopewa simu alisema maneno machache: "Hii nyumba baba yenu aliijenga kwa kahawa. Anayetaka kujenga, uwanja upo, ajenge. Mimi nizibieni panapovuja."

Basi tumekubaliana: kila mmoja atoe laki tano, kazi iishe kabla ya Krismasi, na mimi niwe msimamizi kwa kuwa Arusha ni karibu. Nitakuwa napanda kila Ijumaa jioni na kushuka Jumapili baada ya ibada.

Mama amenipa daftari la kuandikia matumizi. Nimeona na yeye amejichukulia la kwake, lenye jalada la kijani, akaliweka chini ya Biblia yake. Sikumuuliza ni la nini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Fundi amefika saa moja kasoro robo. Ni mtu wa hapa hapa, ana umri wa miaka hamsini hivi, na ana tabia moja niliyoipenda toka mwanzo: hakutaja bei kabla ya kupanda. Alimwamkia Mama, akanywa chai, akaomba ngazi na tochi. Nikapanda nyuma yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia darini kwenye nyumba niliyokulia.

Huko juu ndipo nilipoelewa kwa nini inavuja nyuma tu. Upande wa mbele mabati ni geji 28, mazito, kutu ni ya hapa na pale. Upande wa nyuma ni mabati mepesi, hayalingani urefu, na yana matundu ya zamani yaliyozibwa kwa lami. Ukizima tochi unaona mwanga wa nje umetoboka kama nyota. Nikashuka kumuuliza Mama.

Mwaka 1988 Baba alipata malipo mazuri ya kahawa kupitia chama cha msingi, wakati huo wote tukiwa chini ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Kwa pesa hizo akapaua mbele. Nyuma alipanga kumalizia msimu unaofuata. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo, uliokuwa unalinda bei ya kahawa, ukavunjika, bei ikaporomoka dunia nzima, na huku mlimani mtu aliyezoea kusomesha na kujenga kwa kahawa akabaki anahesabu sarafu. Nyuma pakaezekwa majani makavu ya migomba. Baada ya muda baadhi ya majirani waling'oa mibuni. Baba hakung'oa. Mwaka 1991 akanunua mabati yaliyokwisha kutumika, kwa mtu aliyekuwa anabomoa ghala lake, akayapigilia mwenyewe.

Kwa hiyo lile bati la nyuma lilikuwa limechoka tangu siku linapanda. Miaka yote nimelitazama bila kujua hilo. Baba amefariki 2015, na sikuwahi kumuuliza.

Majibu ya Fundi: kenchi, yaani miti inayobeba paa, zote nzima. Ni mkaratusi uliokauka vizuri, anasema msumari unagoma kuingia. "Huyu mzee alikuwa hana haraka, dada. Angalia hizi fundo." Papi mbili, zile mbao zinazopigiliwa mabati, zimeoza, na kipande kimoja cha singibodi ya dari juu ya korido kimelowa mpaka kinabonyea kama mkate. Mbele tusiguse. Nyuma yanahitajika mabati 22 ya mita tatu, kofia mpya ya kufunika kilele cha paa, papi na misumari. Nimeandika yote.

Jumapili, 20 Oktoba

Jana tulikwenda mjini Moshi kununua mabati. Kwenye duka moja la vifaa tulikuta bei nafuu kuliko kwingine, tukaandikiwa risiti ya geji 28, tukapakia kwenye kirikuu, tukapanda nayo mpaka nyumbani. Kushusha tu, Fundi akashika bati moja mwisho mmoja, akalinyanyua. Likacheza kama karatasi. Hakusema kitu. Alikwenda nyuma, akatoa kipande cha bati la zamani la mbele kilichokuwa kimebaki stoo tangu enzi za Baba, akaniwekea ukingo wa hili na ukingo wa lile kati ya kidole gumba na cha shahada. Hata mimi nisiyejua ufundi niliona tofauti. Yalikuwa geji 30, membamba kuliko 28.

Nilikasirika sana. Nilikuwa tayari kurudi na askari. Mama akasema kwanza tupige simu kwa adabu. Tukapiga, mwenye duka akasema kijana wake alichanganya rundo, tuyarudishe, atatubadilishia bila kuongeza kitu. Leo baada ya ibada tumeyarudisha, na kweli akabadilisha, tukasimama kuyapima moja moja. Nauli ya kirikuu ya pili, shilingi 40,000, imetoka kwetu. Nimeiandika, na hasira bado ninayo.

Kwa atakayesoma hapa akiwa na mradi kama huu: beba kipande cha bati unachokiamini uende nacho dukani. Kidole kinajua kuliko risiti.

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku ya kuezua. Nitaandika kwa kirefu, kwa sababu sitaki kuisahau.

Tulianza saa kumi na mbili, mawingu yakiwa juu ya mlima lakini huku chini kukavu. Fundi na kijana wake, saidia fundi, walikuwa juu. Mimi na mtoto wa jirani tulikuwa chini tunapokea. Saa mbili likashuka bati la kwanza, na pamoja na msumari kikaanguka kitu kidogo cheusi mbele ya miguu yangu. Nikakiokota.

Ni kipande cha mpira, duara, ukubwa wa kizibo cha soda, katikati kina tundu la msumari. Kimekauka kimekuwa kigumu kama gome, na kingo zake si duara la kiwandani: zina pembe ndogo ndogo, pale mkasi uliposimama ukaanza tena. Nilikitambua kabla sijakumbuka ninakitambua kwa sababu gani. Tulivikata sisi.

Nilikuwa na miaka minane. Misumari yenye mpira wake ilikuwa ghali, Baba akanunua misumari mitupu na kuleta mipira ya ndani ya baiskeli iliyochakaa, kutoka kwa fundi baiskeli wa njia panda. Kila jioni baada ya kula, Kaka Mkubwa anapasua mpira kwa wembe, Dada anachora duara kwa kalamu akizungushia kizibo, mimi nakata kwa mkasi wa cherehani wa Mama, na Mama analalamika kwamba mkasi wake utakuwa butu. Mdogo wetu alikuwa bado mgongoni. Baba alikuwa anavihesabu kwa mia na kuvifunga kwenye vifuko. Kabla ya kulala tunaomba, na naikumbuka sala yake ya siku zile: alikuwa anamshukuru Mungu kwa paa, wakati paa lilikuwa halijapanda.

Mipira ile ilizuia maji zaidi ya miaka thelathini. Jua ndilo lililoishinda.

Kijana wa Fundi alipoona nachuma vipande vile chini kama mtu anayechuma maharage, akawa anavitoa kwa mkono na kunirushia kimoja kimoja. Nimepata 63 vizima. Nimewapigia picha ndugu zangu. Dada, ambaye yuko Mwanza, alinipigia akilia. Kaka Mkubwa hakuandika chochote kwa saa nzima, halafu akatuma laki mbili na ujumbe: "Ongeza tangi la maji. Mama asichote tena."

Saa tisa mvua ikatukuta na nyuma kuko wazi. Mama jirani, ambaye siku hizi hata hatusalimiani vizuri kwa sababu ya jambo la masale, ile mimea ya mpaka wa shamba, alikuja mbio na turubai lake la kuanikia kahawa. Tulilitandaza watu sita. Halikuingia tone.

Jioni ilikuwa zamu yetu ya kupokea ibada ya jumuiya. Nilitaka tuiahirishe. Mama akakataa, akasema watu wa Mungu wamezoea kukaa chini ya turubai. Wakaja watu kumi na wanne, wakakaa sebuleni huku turubai likipigwa na upepo nyuma, na mzee wa kanisa akasoma habari ya wale wakoma kumi, jinsi mmoja tu alivyorudi kushukuru, tena Msamaria. Mama jirani alikuwepo. Alikaa karibu na Mama.

Jumamosi, 2 Novemba

Mabati yamepanda, yote 22.

Nimejifunza mambo ambayo ni haki kila mwenye nyumba ayajue kabla ya kumwachia fundi kazi. Unaanza kupanga upande ambao mvua haitokei, ili kila bati linalofuata lilalie lililotangulia na upepo usiingize maji kwenye maungio. Hapa kwetu mvua ya vuli inakuja kutokea bondeni, kwa hiyo Fundi alianzia upande wa mgombani. Ubavuni bati linapanda juu ya lenzake wimbi moja na nusu. Linapounganika kwa urefu, la juu linalalia la chini sentimita 15 au zaidi. Na msumari unapigwa kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Usiugonge mpaka mpira ukapasuka. Uugonge ukae, basi.

Papi mpya tulizipaka oili chafu pande zote kabla ya kuzipandisha, kwa ajili ya mchwa. Mikono yangu bado inanuka.

Saa nane Shangazi alifika na chupa mbili za maziwa, mayai, na mtori kwenye sufuria aliyoifunga kwa kanga. Amekuja kwa miguu kutoka kwake, na si karibu. "Nimekuja kuwapa pole na kazi," akasema, kisha akamtazama Mama. Hawa mawifi wawili wamejuana zaidi ya miaka hamsini, wakapokezana maneno kwa Kimachame kwa haraka hata mimi sikuyapata yote. Nilichopata ni Mama akimwambia "umenisemea", na Shangazi akijibu "nitakusemea tena".

Fundi alikataa kushuka kula mpaka amalize mstari. Mama akamwekea chakula chake pembeni, akakifunika kwa sahani nyingine na kuweka jiwe juu kwa ajili ya paka.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ya Alhamisi ilikuwa kubwa na pametona sehemu moja, karibu na ukuta wa jikoni. Nilivunjika moyo. Fundi amekuja bila kuitwa mara mbili, amepanda, amekuta msumari mmoja umepigwa bondeni. Ni wa kijana wake. Hakumfokea mbele yetu. Alimwita juu, akamwonyesha, akamwachia auchomoe mwenyewe na kuziba tundu kwa kiraka na lami. Kijana alishuka akaenda moja kwa moja kwa Mama kuomba radhi. Mama akamuuliza jina lake lote, la baba yake na la babu yake, akaingia ndani. Nilimwona akiandika kwenye daftari la kijani.

Jumamosi, 16 Novemba

Gata na tangi.

Kibaraza cha tangi kilijengwa Jumatano kwa mawe na mifuko mitatu ya simenti, kimeshakauka vya kutosha kubeba tangi tupu. Tangi ni la lita 2,000. Likijaa lina uzito wa tani mbili, kwa hiyo mtu asiliweke juu ya matofali manne kama nilivyoona kwingine.

Gata ina mita tisa. Fundi alipima mteremko kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mimi nimeshika mwisho mmoja na Mdogo wetu ameshika wa pili. (Amekuja kutoka Dodoma bila taarifa! Kwa mila yetu yeye ndiye wa mwisho, kihamba cha Baba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, ni chake, na nilikuwa na donge moyoni kwamba hajaja kuona kazi. Limeisha.) Milimita tano kwa kila mita, kwa hiyo upande wa tangi uko chini kwa sentimita nne na nusu. Kwa macho huwezi kuona, lakini maji yanaona.

Mdogo wetu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alikaa kwenye ndoo akapiga hesabu akimwonyesha kijana wa Fundi: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Paa la nyuma ni kama mita za mraba 50. Mvua ya milimita 20, ambayo huku si kitu cha ajabu, inaleta lita 1,000. Kijana akasema, "Kumbe juu ya nyumba kuna kisima." Mama alicheka mpaka akakaa.

Tumeweka kipande cha bomba chenye kifuniko kabla ya tangi, ili maji ya kwanza yenye vumbi na vinyesi vya ndege yamwagwe. Koki tumeiweka juu kidogo, ndoo ikae chini yake juu ya jiwe, Mama asiiname.

Jumamosi, 23 Novemba

Hili halikuwepo kwenye bajeti. Mbele ya nyumba kuna ngazi tatu za kupanda barazani, hazina pa kushika. Nilimwomba fundi wa kuchomelea atengeneze mkono wa bomba la inchi moja na nusu, tukauchimbia kwenye zege pande zote mbili. Shilingi 95,000.

Mama hakupenda. Alisema yeye si mgonjwa, na kwamba ngazi hizo amezipanda na watoto wanne mgongoni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nilinyamaza. Fundi naye akanyamaza, akaendelea kusugua zege kwa mwiko.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio imeanza. Asubuhi nilitoka mapema kuwasha jiko la nje, nikamwona Mama akishuka kwenda kanisani. Mkono wa kulia mkoba wenye Biblia na kitabu cha nyimbo. Mkono wa kushoto umeshika bomba, na anashuka taratibu, akipumzika kila ngazi. Hakujua nipo. Nilirudi nyuma ya ukuta asinione, nikasimama pale nikimshukuru Mungu kwa zile shilingi 95,000.

Jumamosi, 14 Desemba

Lipu ya korido imepigwa upya, singibodi imebadilishwa, rangi ndoo mbili, cream kama ilivyokuwa. Swichi ya chumbani kwa Mama iliyokuwa inatoa cheche imebadilishwa na fundi umeme. Kitasa cha mlango wa nyuma kimebadilishwa pia. Mlango wa choo cha nje bado unasugua chini. Bawaba ziliisha dukani.

Jumla mpaka leo ni shilingi 2,418,000. Tumezidi, lakini Kaka Mkubwa na Dada wamejazia bila mtu kuwaomba.

Jumanne, 24 Desemba

Wamefika. Jana na leo magari yamepanda mlima huu mpaka barabara imekuwa kama ya mjini. Ni Desemba, kila Mchaga anarudi nyumbani. Kwetu tuko 21 ndani ya nyumba. Magodoro yametandikwa sebuleni, wajukuu wa Dar na wa Mwanza wamelala kama kuni zilizopangwa. Kila mtu aliyeshuka kwenye gari Mama alimpeleka kwanza nyuma ya nyumba kumwonyesha tangi. Kila mtu. Anafungua koki, anasubiri uone maji, anafunga.

Kaka Mkubwa alikwenda nyuma peke yake baadaye. Nilimkuta amesimama anatazama juu. Nikampa vipande vya mpira kwenye kifuko. Akamwaga kiganjani, akachagua kimoja, akasema, "Hiki ni changu. Mimi ndiye nilikuwa napasua vibaya, ona hapa kimekuwa chembamba." Akakitia kwenye mfuko wa shati.

Usiku tumekula machalari. Tukaimba. Kulinyesha kidogo, manyunyu tu, na watu wote tukanyamaza kwa pamoja kusikiliza bati.

Jumapili, 29 Desemba

Leo familia yetu imetoa shukrani kanisani.

Mwinjilisti alipoita, tulisimama wote na wajukuu, tukafuatana na Mama mpaka mbele. Tulikuwa na bahasha, mkungu wa ndizi, mayai na jogoo aliyefungwa miguu. Nilidhani Kaka Mkubwa ndiye atakayesema, kama ilivyo desturi. Mama akanyoosha mkono kumzuia, akafungua mkoba, akatoa daftari la kijani.

Kumbe miezi mitatu yote wakati mimi naandika mabati, misumari na nauli, yeye alikuwa anaandika watu. Alivaa miwani akasoma. Sikuandika wakati anasoma, ila baada ya kurudi nimemwomba daftari nikanakili baadhi, kama alivyoandika, nikiacha majina:

"Fundi. Hakula mpaka amalize mstari."

"Kijana wake. Alikosea msumari, akasema mwenyewe."

"Mama jirani. Turubai. Tulikuwa hatuongei."

"Wifi yangu. Alisema niliyoyaficha. Mungu amlipe."

"Mwenye duka la mabati. Alikubali kukosea, akarudisha."

Hapo kwa mwenye duka nilihisi joto usoni. Mimi nilikuwa nimemwandika kwenye daftari langu kwa shilingi 40,000 na hasira.

"Aliyenitengenezea pa kushika. Nilimkatalia."

"Watoto wangu wanne. Kila mmoja alikuja kwa saa yake."

Na wa mwisho: "Baba yao. Mbele hatukugusa."

Kanisa lote likaitikia amina, wala si ile ya kuombwa. Mama jirani alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kitenge.

Kwenye mnada baada ya ibada, jogoo wetu alianzia elfu kumi. Fundi na Kaka Mkubwa walishindana mpaka elfu 45, Fundi akamwachia. Mkungu nilinunua mimi.

Jumamosi, 4 Januari

Wote wameshuka. Nami niko Arusha.

Mama amepiga simu saa tatu usiku. Nilishtuka, kwa kuwa saa hizo huwa amelala. Nyuma ya sauti yake nikasikia mvua ikipiga bati kwa nguvu, ikabidi apaze sauti. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, mama, amepiga tu. Kisha akasema lile beseni la bluu amelisugua, amelirudisha jikoni, na leo amelowekea maharage.

Bado mlango wa choo. Bawaba nimezipata hapa mjini, nimezituma kwa basi. Fundi atapita Jumanne.